Mfumo Unaopimwa Desemba: Utangulizi wa Elimu ya Kupanga Kazi

Anayeingia katika elimu ya kupanga kazi hupokelewa na ushauri mwingi kabla hajaulizwa hata swali moja. Amka saa kumi na moja alfajiri. Andika mambo matatu tu ya kufanya kwa siku. Zima simu, funga mlango, maliza kazi ngumu kabla ya chai ya saa nne. Maneno haya yameenea kwenye semina za ujasiriamali, kwenye mahubiri, na kwenye vitabu vinavyotandazwa chini pembezoni mwa stendi za mabasi. Nakukaribisha uanzie mahali pengine. Chukua ushauri mmojawapo, uuangalie vizuri, uulize ulitolewa kwa mtu wa kazi gani na chini ya jua lipi.

Tuuchukue huo wa saa kumi na moja. Tanzania nzima inafuata saa ya Afrika Mashariki, ambayo msingi wake ni longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Mbeya iko kwenye longitudo ya 33 na ushee, mbali sana magharibi ya mstari huo. Ndiyo maana jua huifikia Mbeya zaidi ya dakika 20 baada ya kuwamulika watu wa Dar es Salaam, na mwezi wa Julai huchomoza kama saa moja asubuhi. Iringa hulipata mapema kidogo kuliko Mbeya. Kwa hiyo mwalimu wa Uyole, Mbeya, anayetii ushauri huo mwezi wa Julai anaamka saa mbili nzima kabla ya jua, kwenye baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 10. Desemba jua linatoka kama saa kumi na mbili na dakika 20, hali ya hewa imelainika, na saa ileile inabebeka. Saa haijabadilika, lakini mzigo wake umebadilika. Mtu akishindwa Julai ataambiwa ni mvivu, naye ataamini.

Hapo ndipo elimu hii inapoanzia: kutofautisha udhaifu wa mtu na mfumo usiomfaa. Vyuoni haina jina moja. Wanahistoria huzungumzia nidhamu ya wakati, wanasaikolojia huchunguza umakini na upangaji, wachumi hupima matumizi ya muda katika kaya, na waandishi wa vitabu vya mafanikio husema tija. Wote wanazunguka swali moja, nalo ni la kila mfanyakazi: kazi ni nyingi, siku ni ileile, nizipange vipi? Msimamo wangu nausema mapema ili uupime njia nzima. Huwezi kuchagua mfumo kabla hujaijua kazi yako ilivyo, na kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini kazi huonyesha sura yake yote mvua zinapoanza.

Wanafunzi wengi huanza na makala ya mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson ya mwaka 1967. Thompson alionyesha kwamba hata Waingereza hawakuzaliwa na saa mkononi. Kabla ya viwanda waliifuata kazi yenyewe: ng'ombe akamuliwe, nafaka ivunwe kabla hali ya hewa haijaharibika, mashua itoke kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Ilichukua vizazi kadhaa vya kengele za viwandani, faini za kuchelewa, shule na mahubiri hadi watu wakazoea kuuza saa zao. Mwanahistoria Frederick Cooper alilipeleka swali hilo Mombasa, kwa vibarua wa bandarini walioajiriwa siku kwa siku. Wakubwa wa kikoloni waliuona utaratibu huo kuwa uzembe. Vibarua wenyewe waliuona kuwa nafasi ya kuchanganya bandari na shamba, wakachagua siku za kujitokeza na siku za kubaki nyumbani. Baada ya migomo ya miaka ya 1930 na 1940 ndipo serikali ilipokazana kuwageuza kuwa wafanyakazi wa kudumu.

Nyanda za Juu zina ukurasa wao katika historia hii. Kutoka Njombe, Iringa na Mbeya wanaume wengi walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya katani, na huko kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambazo hazikulazimika kufuatana. Mtu alitimiza siku yake, akapumzika au akashughulikia bustani yake, akarudi kuendelea, mradi asipitilize muda uliowekwa. Kipande kiliwekwa kwa faida ya mwajiri na maisha ya kambini yalikuwa magumu, hilo lisisahaulike. Hata hivyo kilikubali jambo moja ambalo ofisi za leo hulikataa, kwamba nguvu za mtu hazilingani siku zote.

Utakutana pia na John Mbiti wa Kenya, ambaye mwaka 1969 aliandika kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati umejengwa na sasa na zamani, na wakati ujao ni mfupi mno. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga. Mimi niko pamoja na Gyekye, na ushahidi ninaoupenda uko Mufindi: mkulima anayepanda misindano kwenye ekari moja akitarajia kuipasua mbao mtoto wake atakapofika chuo. Huyo anapanga zaidi ya miaka kumi mbele, bila kalenda ya ukutani wala programu ya simu. Anayemwambia mtu huyo kwamba Waafrika hawajui kupanga hajakaa naye akazungumza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko yote, na ambalo vitabu vingi vya tija hulipita kimya. Mwaka uleule wa makala ya Thompson, 1967, mwezi Februari, Azimio la Arusha lililinganisha saa za kazi za Watanzania. Mfanyakazi wa mshahara mjini alihesabiwa saa saba na nusu au nane kwa siku, jumla kama saa 45 kwa wiki. Mwanamke wa kijijini alionekana kufanya kazi wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Miaka 37 baadaye, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka ukomo wa saa 45 kwa wiki kwa mwajiriwa. Ukomo huo ni wa haki, lakini unamlinda mwenye mwajiri. Anayechota maji Isimani, au anayepalilia viazi Kitulo akiwa na mtoto mgongoni, hana wa kumdai muda wa ziada.

Kwa hiyo usomapo kwamba mtu fulani alijitengea saa mbili tulivu kila asubuhi za kuandika au kufikiri, uliza nani aliwasha moto, nani aliwaandaa watoto, nani aliwasindikiza shule. Msomi wa Marekani Arlie Hochschild aliandika mwaka 1989 juu ya zamu ya pili, ile inayoanza mwanamke akitoka kazini. Hapa kwetu kwa wengi ni zamu ya kwanza pia, maana inatangulia jogoo. Mfumo wa kupanga kazi unaompa mmoja utulivu kwa kumwongezea mwingine mzigo umehamisha kazi tu, haujaipunguza. Siuhesabu kuwa mfumo mzuri hata kama mwenye nao anafanikiwa.

Muda wa mtu, kwa kweli, mara nyingi una wenyewe wengi. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa wa miaka kumi au kumi na moja walivyoanza kuishi katika kijiji cha rika lao, huku wakiendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao. Siku ya kijana yule ilikuwa na madai kutoka pande tatu, na kila upande ulijua sehemu yake. Leo pande zimeongezeka. Mwalimu wa sekondari mjini Iringa ana mkuu wa shule, ana kwaya, ana kikoba cha Alhamisi, ana shamba la mahindi kijijini kwa wazazi, ana vifaranga nyuma ya nyumba, na vyote vina kikundi cha WhatsApp. Aili Mari Tripp, aliyechunguza Dar es Salaam ya miaka ya 1980, alionyesha jinsi mshahara ulivyoporomoka na waajiriwa wakaishi kwa miradi ya pembeni. Huyo wa Iringa ni mrithi wa hali hiyo. Hana kazi moja yenye vikwazo. Ana kazi tano, na kila moja huziona nyingine kuwa vikwazo.

Angalia basi mifumo maarufu ukiwa na watu kama hawa akilini. Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alianza kujifungia na saa ndogo ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi bila kukatizwa, kisha mapumziko mafupi. Kwa mwalimu mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha, njia hiyo ni nzuri sana na naipendekeza bila kusita. Mpelekee mama mwenye duka Kihesa, Iringa, uone. Atakatizwa na mtoto aliyetumwa sukari ya robo, na fundi anayetaka misumari, na jirani anayetaka kutoa pesa. Kwake anayemkatiza ndiye anayemlipa. Anachohitaji ni kazi zinazovumilia kukatizwa: kufunga karanga kwenye vifuko, kuandika madeni, kupanga rafu. Kazi isiyovumilia, kama kufunga hesabu za mwezi, ataitafutia saa ambayo mlango wa duka umefungwa. Mama huyo hana upungufu wa umakini. Ana aina nyingine ya kazi, na wataalamu hawajaiandikia vya kutosha.

David Allen, Mmarekani, alieneza kwa kitabu chake cha 2001 wazo la kuyatoa mambo yote kichwani na kuyaandika, kisha kuyagawa kulingana na mahali unapoweza kuyafanya. Wazo hili lina ushahidi wa kisaikolojia nyuma yake. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa Berlin, aliripoti kwamba kazi iliyokatizwa hukaa akilini kuliko iliyomalizika. Matokeo yake yamebishaniwa tangu wakati huo, lakini mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha jambo la manufaa: shughuli isiyokamilika huacha kuisumbua akili mtu akishaiwekea mpango ulio wazi, hata kabla hajaifanya. Siyo lazima umalize. Andika lini na wapi, akili inatulia.

Na hapa kwetu "wapi" ina uzito mkubwa kuliko kwa Allen. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kilomita 70 hivi. Mkulima mdogo wa chai hawezi kwenda leo kwa ajili ya benki na kesho kwa ajili ya mbolea. Ana orodha ya "mjini", iwe kwenye karatasi au kichwani: benki, duka la pembejeo, dawa za bibi, betri ya redio, kumwona ndugu aliyelazwa. Akisahau jambo moja limekwenda na nauli. Zaidi ya hayo chai yenyewe haimngoji. Majani yaliyochumwa leo lazima yafike kiwandani leo, na shamba lilelile litadai kuchumwa tena baada ya siku chache. Siku ya kuchuma siyo siku ya mjini. Ukitaka kumfundisha mtu huyo kupanga, anza na orodha hiyo moja ya mjini iandikwe na kutunzwa, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kuna mafundi wanaofundisha zaidi ya vitabu. Pale Mwanjelwa, Mbeya, simama kwenye kibanda cha fundi cherehani mwishoni mwa Desemba, shule zikiwa karibu kufunguliwa na wazazi wakimiminika na vitambaa vya sare. Daftari lake ni kaunta buku nene lililochakaa pembe. Kila mteja ana nusu ukurasa: kifua, kiuno, urefu wa sketi, kianzio kilicholipwa, salio, siku ya kuchukua. Pembeni kimepigwa pini kijipande cha kitambaa chenyewe, ili hata jina likisomeka vibaya nguo isipotee. Vilivyokatwa vimefungwa mafurushi chini ya meza, vilivyoshonwa vinangoja vifungo, vilivyokamilika vimetundikwa juu. Kwa kutazama tu, bila kufungua daftari, anajua kazi imesimama wapi. Taiichi Ohno alijenga utaratibu wa jinsi hii katika viwanda vya Toyota nchini Japani, kwa kadi zinazoonyesha kila hatua ya kazi, na ukasifiwa dunia nzima.

Ila Ohno alikuwa na sharti moja ambalo mafundi wengi wanalikosa: kazi mpya haianzi mpaka nafasi imepatikana. Mafundi hupokea kila kitambaa kinacholetwa, maana kianzio ni pesa ya leo, kisha inakuja ile "njoo Jumamosi" ambayo kila mzazi anaifahamu. Wateja husema fundi ni mwongo. Sayansi inasema vingine. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba binadamu hukadiria muda kwa kufikiria kazi itakavyokwenda vizuri, akisahau zile zilizopita zilivyochelewa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake, huko Kanada, waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao. Makadirio yalikuwa siku 33.9 kwa wastani. Waliambiwa wakadirie endapo kila kitu kitakwenda vibaya, wakasema 48.6. Walimaliza kwa siku 55.5. Yaani hata hofu yao haikutosha. Fundi wa Mwanjelwa anaposema Jumamosi anaamini Jumamosi. Umeme ukikatika jioni mbili, imani hiyo inamgeuka.

Dawa yake ipo kwenye daftari lake mwenyewe, kurasa za Desemba iliyopita. Ahesabu aliahidi lini na nguo zilichukuliwa lini. Namba hiyo ndiyo itakayomwambia mafurushi mangapi yanatosha chini ya meza, na baada ya hapo aseme kwa uwazi: "Mama, hiki nitakiweza baada ya tarehe kumi Januari." Nimemwona fundi mmoja anayesema hivyo. Wateja wananung'unika, wengine wanaondoka, wengi wanarudi, kwa sababu tarehe yake ni tarehe.

Nimekaa sana Desemba kwa makusudi. Pwani ya kaskazini ina vuli na masika, lakini Mbeya na Iringa tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Mahindi yasipopandwa kwa wakati hakuna awamu ya pili ya kujirekebisha. Kwa hiyo katika majuma machache yanabanana mambo ya mwaka mzima: kupanda, mbolea ya kupandia, usahihishaji wa mitihani ya taifa kwa baadhi ya walimu, Krismasi na wageni kutoka Dar, sare na ada za Januari, palizi ya kwanza. Mfumo wowote unapendeza Julai, mahindi yakiwa ghalani na shule zikiwa zimetulia. Mtu ananunua daftari zuri, anachora miraba, anaendelea vizuri miezi mitatu. Mvua ya kwanza ikinyesha daftari linapotelea kwenye gunia la mbolea, naye anahitimisha kwamba hana nidhamu.

Mfumo unaokufaa ni ule unaoendelea kuishi Desemba, hata ukiwa umepungua. Kwa hiyo uujenge kwa ajili ya mwezi huo. Uwe mdogo kiasi cha kuandikwa nyuma ya risiti. Uwe na toleo la msimu wa mvua, lenye mambo mawili au matatu yasiyosubiri, na toleo la kiangazi, ambapo unasoma, unajifunza, unajenga, unarekebisha hesabu. Haya ni maoni yangu, na wasomi wa sehemu zenye misimu miwili wanaweza kunipinga kwa haki. Kwa nyanda hizi zetu sijaona kanuni nyingine inayostahimili.

Utaanzaje? Kwa wiki moja usibadilishe kitu. Andika tu, kila saa chache, ulifanya nini, ulikatizwa na nani, na kama kukatizwa huko kulikulipa, kulikugharimu au kulikuwa wajibu wa undugu. Hilo la tatu usilidharau. Msiba na mgonjwa vina nafasi halali kwenye siku ya mtu, na mfumo usiovitengea nafasi utavunjika juma la kwanza. Wiki ikiisha utajua kazi yako ni ya aina gani: ya kukaa na kumaliza kama ya msahihishaji, ya kupokea wateja kama ya duka, ya kupita hatua kwa hatua kama ya fundi, au ya kufuata mmea kama ya chai. Wengi tuna mchanganyiko. Ndipo umwendee Cirillo, Allen au Ohno, uchukue kipande kinachokufaa na kuacha kilichobaki bila kujilaumu.

Neno la mwisho ni kwa wanafunzi wa Mkwawa, wa Chuo Kikuu cha Iringa, wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na wa vyuo vingine vya nyanda hizi. Karibu vitabu vyote nilivyovitaja viliandikwa mbali na hapa, na vinangoja majibu yenu. Mkipata nafasi ya kwenda vijijini mvua zinapoanza, nendeni na daftari. Kaeni na kaya moja Rungwe, Mbozi, Kilolo au Mufindi, kwa ridhaa yao, mwandike siku zao kuanzia mvua ya kwanza hadi palizi ya kwanza: nani aliamka saa ngapi, nani alifanya nini, nani alipumzika. Andikeni siku ya mama kwa uangalifu uleule mnaoandikia siku ya baba. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na Novemba haiko mbali.